Mtoto ameugua na hospitali iko mbali: boda, Noah, machela au gari la wagonjwa?

Kwenye mkoba wangu wa kazi kuna daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Kila mtoto mdogo ninayempa mama yake ushauri wa kumpeleka mbele, naandika mambo matatu: walikwendaje, walitumia shilingi ngapi, walifika saa ngapi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, milimani Uluguru, upande wa Matombo, Morogoro Vijijini. Zahanati yetu iko bondeni, kituo cha afya kiko mbali zaidi, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Morogoro mjini. Daftari lilianza siku mama mmoja, mtoto mgongoni, aliponiuliza, "Dada, nichukue boda au nisubiri Noah ya asubuhi?" Nikamwambia "wahi tu". Alipoondoka nikajiona sikumsaidia kitu, kwa sababu kuwahi alikuwa akikutaka mwenyewe kabla sijamwambia. Alichokosa ni namna ya kuchagua.

Kisera, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Nauli haimo. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakichunguza vifo vya akina mama, waligawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Waliona pia kwamba umbali humrudisha mtu nyuma kabla hajatoka nyumbani. Kwa watoto naliona hilo kila mwezi. Mama anasema "tumwangalie mpaka kesho" na moyoni anahesabu hela. Ndiyo maana nalinganisha hapa usafiri wote tulio nao, kwa hela zetu na barabara zetu. Bei ni za huku kwetu. Kwako zitapanda au kushuka, lakini hesabu yenyewe utaiweza.

Kwanza mwangalie mtoto

Usafiri haulinganishwi ukiwa peke yake. Boda inayomfaa mtoto wa upele inaweza kumdhuru aliyevunjika paja. Kwa hiyo kabla hujapiga simu yoyote, angalia haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea hata ukimwita haitiki sawasawa, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Likiwepo moja tu, hiyo ni safari ya sasa hivi, iwe usiku iwe mvua. Kwa mtoto mchanga, hata homa peke yake au kugoma kunyonya inatosha.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji mashine. Mtoto akiwa ametulia, pandisha nguo uone tumbo, shika simu yenye saa, hesabu dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni kasi. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Nimewafundisha hata bibi zetu wasiojua kusoma. Wanahesabu kwa kusogeza punje za mahindi.

Kama hakuna dalili hata moja, anacheza na anakula, una nafasi ya kusubiri gari la bei nafuu. Hapo ndipo Noah inaingia.

Bodaboda na Noah

Hizi mbili ndizo zinazogombaniwa zaidi, basi nazipa nafasi kubwa.

Boda kutoka kwetu hadi kituo cha afya ni 15,000 mchana kwenda tu. Akikusubiri na kukurudisha, wengi wanakubali 25,000. Usiku kwenda tu inafika 25,000, na simlaumu kijana: njia ni ya mawe, na pikipiki si yake, ana hesabu ya bosi kila jioni. Noah ni 4,000, na mtoto wa kupakatwa halipiwi. Ukisikia hivyo unaona jibu liko wazi, Noah ni rahisi karibu mara nne.

Sasa fuata siku nzima ya Noah kama nilivyoiandika ya mama mmoja wa kitongoji cha juu. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akatembea saa nzima hadi barabarani. Noah ilikuwepo lakini haikujaa. Ilijaa saa mbili. Ikawa inasimama kupakia ndizi na abiria wa njiani, ikafika saa nne. Foleni ya wagonjwa ilishakuwa ndefu, kipimo kikatoka saa saba, dawa saa nane. Gari la kurudi lilikuwa limeondoka saa saba. Akalala gesti ya 10,000, chakula cha jioni na chai ya asubuhi 5,000, mchana alikuwa ameshakula cha 3,000. Ongeza nauli za kwenda na kurudi, 8,000. Jumla 26,000, na siku mbili za kibarua zimepotea, na nyumbani watoto wengine wawili wamelala kwa jirani. Mwenzake aliyekwenda siku nyingine kwa boda ya kusubiriwa alitumia 25,000 na chakula cha 3,000, akarudi jua likiwa bado juu.

Tofauti ya 2,000. Mpaka leo nikiwaonyesha kina mama ukurasa huo kwenye mkutano wa kliniki wanaomba niurudie kuusoma.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: nenda kwa boda, rudi kwa Noah. Kinachohitaji haraka ni kwenda. Ukifika saa mbili asubuhi unakuwa wa mwanzo kwenye foleni, saa tano umemaliza, na gari la saa saba unaliwahi bila mbio. Ni 15,000 na 4,000 na chakula cha 3,000, jumla 22,000. Kwa mtoto mwenye homa ambaye bado anakunywa na hana dalili ya hatari, hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Familia isiyo na 15,000 mkononi haiwezi kuifanya, nalijua hilo, na nitalirudia chini.

Boda ina hatari zake. Mtoto anawekwa katikati ya dereva na mama, au mgongoni kwa mbeleko. Mgongoni mama haoni uso wake. Nilishampokea njiani mtoto aliyefunikwa kanga mbili kwa kuogopa baridi, midomo imeanza kubadilika rangi, na mama yake anadhani amelala. Mbebe mbele, kifuani, uso ukiwa pembeni ili uuone, na mwambie dereva asimame kila baada ya muda mfupi umwangalie. Mtoto mchanga mweke ngozi kwa ngozi ndani ya nguo yako, kofia kichwani, kisha jifunike juu. Upepo wa pikipiki unampoza haraka kuliko mtu mzima anavyohisi. Mwenye degedege linaloendelea asipandishwe pikipiki. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tafuta gari. Aliyeanguka mwembeni na kuvunjika vivyo hivyo.

Mshikaki sitaki hata kuusikia. Nauli inapungua mkigawana na abiria wa tatu, ni kweli, lakini mteremko wetu baada ya mvua unataka breki zifanye kazi ya watu wawili na mtoto, siyo watatu na furushi. Na chagueni dereva mchana, kabla ya shida: mwenye taa inayowaka, tairi zisizo na kipara, na ambaye saa nne usiku hajalewa. Kijiweni wote wanajulikana. Waulizeni wanawake, siyo madereva wenzake.

Bajaji nitaipitia haraka kwa sababu kwetu milimani haipandi. Kwa walio tambarare au mjini ni bora kuliko boda kwa mtoto aliyelegea: mama anakaa, anampakata, anaweza kumnywesha maji ya ORS kijiko kwa kijiko njiani. Kama una bajaji ya 6,000 na boda ya 4,000, na mtoto anaharisha na macho yameingia ndani, lipa hiyo 2,000 ya ziada.

Machela

Wageni wakiona machela wanadhani ni mambo ya zamani. Huku juu kuna vitongoji ambavyo pikipiki haifiki, na mwezi wa nne masika yakikolea hata inakofika haifiki. Miti miwili, blanketi au gunia lililoshonwa, vijana wanne wakipokezana na wengine wanne nyuma. Kwa mtoto mkubwa wa miaka kumi aliyevunjika mguu, machela ni salama kuliko pikipiki, kwa sababu anashuka amelala na amenyooka. Kwa mtoto mdogo machela haina maana. Mama au baba ambebe, na vijana wamsindikize na tochi kupokezana mzigo.

Machela hailipiwi, ila inataka watu, na watu wanapatikana pale ambapo familia nayo ilijitokeza kwa wengine. Mjane mmoja mgeni kijijini alikaa na mwanawe hadi alfajiri kwa sababu aliona haya kugonga milango. Tangu hapo tulikubaliana kwenye mkutano wa kitongoji kwamba machela inakaa kwa balozi wa nyumba kumi, na anayeita vijana ni balozi, siyo mwenye mgonjwa. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Gari la wagonjwa na namba 115

Gari la wagonjwa ndilo bora kuliko yote likija. Mtoto amelala, kuna muuguzi, wakati mwingine kuna oksijeni. Tatizo ni hilo neno "likija". Gari moja linahudumia vituo vingi, na likiwa limempeleka mama wa kujifungua mjini, wewe unasubiri. Nina ukurasa kwenye daftari wa mtoto mwenye nimonia aliyepewa rufaa saa nane mchana. Familia iliambiwa gari linakuja. Saa mbili usiku wakaambiwa halina mafuta. Walikodi gari la kubeba ndizi. Mtoto alipona, lakini yale masaa sita baba yake hajayasahau, na mimi pia.

Kwa hiyo ukiambiwa gari linakuja, uliza maswali mawili: limeshatoka huko lilipo, na liko wapi sasa? Kama halijatoka, anza kutafuta njia ya pili hapohapo huku ukisubiri. Kusubiri kitu kimoja tu ndiko kunakotuumiza.

Namba 115 ni habari nyingine, na wengi bado wanaichanganya. Huo ni mfumo wa m-mama. Ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, kisha Aprili 2022 Rais Samia akauzindua ili usambae nchi nzima. Unapiga bure, anapokea mtu wa kituo cha uratibu cha mkoa, anauliza dalili, halafu anatuma gari la wagonjwa. Likiwa mbali anatuma dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Familia haitoi nauli. Ukilinganisha na kila nilichokitaja, hakuna kinachoufikia.

Lakini ni wa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Mtoto wa wiki tatu aliyegoma kunyonya, piga 115 bila kusita, usianze kuhangaika na boda. Mtoto wa miezi mitatu mwenye kifua kinachobonyea, huo si mfumo wake. Nimewahi kusimama na mama wa mtoto wa mwezi na nusu, simu mkononi, nikimweleza hivyo. Hakuelewa, na sidhani kwamba kuna mzazi ambaye angeelewa. Mfumo upo, madereva wapo, malipo kwa simu yanafanya kazi. Kuufikisha hadi miaka mitano ndilo jambo ninalolisema kwa kila kiongozi anayepita huku, na nitaendelea kulisema.

Zahanati kwanza, au moja kwa moja mbele?

Hili nalo ni la kuchagua, na pengine lina uzito kuliko chombo chenyewe. Wazazi wengi wanairuka zahanati: "Watanipa rufaa tu, kwa nini nipoteze saa?" Nawaelewa. Lakini zahanati yenye mganga na dawa inaweza kumpima malaria kwa kipimo cha haraka, ikamwanzishia artesuneti kama ni malaria kali, au dozi ya kwanza ya antibiotiki kama ni kifua, ndipo aendelee na safari. Mtoto anayesafiri masaa matatu akiwa na dawa mwilini na mtoto anayesafiri bila dawa hawafiki sawa.

Zambia wamelionyesha hili vizuri. Wilaya ya Serenje, wahudumu wa kujitolea kama mimi walipewa artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto wadogo wenye malaria kali, na vijiji vikapewa baiskeli za kubebea wagonjwa, zenye kitanda cha kuvutwa nyuma. Dawa kwanza, halafu baiskeli hadi kituoni kumalizia matibabu. Vifo vya malaria kali vilishuka sana. Baiskeli hizo kwenye mlima wetu hazitembei, ila huko Dodoma, Singida au Shinyanga kwenye tambarare, kijiji kinachofikiria kununua kitu kimoja cha pamoja kingeitazama baiskeli ya namna hiyo kabla ya pikipiki: haina mafuta wala hesabu ya bosi, na mtoto analala.

Shauri langu basi: mpigie mganga wa zahanati kabla ya kutoka. Yupo? Dawa zipo? Kama ndiyo, pitia hapo hata kama ni kupinda njia kidogo, uondoke na dozi ya kwanza na barua ya rufaa, maana barua nayo inakusogeza mbele kwenye foleni. Kama hayupo, nenda mbele usipoteze muda. Namba yake iwe kwenye simu yako leo.

Hela inatoka wapi

Hapa nalinganisha vyanzo, kwa sababu chombo bora bila hela ni hadithi.

Kukopa dukani ni haraka, ila muuzaji anajua una shida, na nimeona 20,000 ikirudi 30,000 baada ya mwezi. Kuuza kuku usiku kwa mtu mmoja aliye macho ni kumgawia. Mfuko wa jamii wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ni bora mara kumi: kila mwanachama anatoa 500 kila wiki, na fedha hiyo haikopeshwi kwa riba. Kikundi cha watu 25 kinapata 12,500 kwa wiki, karibu safari moja ya boda. Udhaifu wake ni sanduku: funguo tatu kwa watu watatu, na mtoto anaugua saa saba usiku. Kikundi chetu kilitoa 50,000 kutoka sandukuni ikakaa kwenye simu ya mweka hazina, kwa dharura za watoto pekee, akiidhinisha yeye na mwenyekiti kwa kupigiana simu. Daftari linakaguliwa kila kikao.

Kuna na makubaliano na kijiwe. Madereva watano wa kwetu walikubali kubeba mtoto mgonjwa kwa mkopo, nikithibitisha mimi au mganga, na familia ilipe ndani ya mwezi, kwa hela au kwa mikungu ya ndizi kwa bei ya soko. Niliogopa watu watakimbia madeni. Wachache wamechelewa kweli. Dereva mmoja nilipomuuliza kama amechoka alinijibu, "Dada, na mimi nina watoto wawili. Siku nikiwa mjini, nani atawabeba?"

Kama huna kikundi wala makubaliano, weka 1,000 kila ukiuza ndizi kwenye simu ya mtu unayemwamini ndani ya nyumba, ifike 20,000, na isiguswe kwa sukari.

Safari za kurudia

Mtoto wa selimundu (sikoseli) ana kliniki kila mara. Mwenye mguu kifundo, yaani mguu uliopinda tangu kuzaliwa, anabadilishiwa plasta kila wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, kisha anavaa viatu maalumu kwa miaka. Familia nyingi hazikatai matibabu, zinashindwa nauli ya wiki ya nne. Hapo boda si jibu. Linganisha kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali kwa wiki zile za plasta na kwenda na kurudi. Ukiweza kuchangia unga na mchele kwa ndugu, kukaa mara nyingi kunashinda. Mwambie mhudumu wazi kwamba nauli ni shida. Wengine wanaweza kuoanisha tarehe mbili ziwe moja au kukupa dawa za miezi miwili, lakini hawatajua usiposema. Na uliza kama hospitali ina fungu la nauli. CCBRT ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa ikiwatumia nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula ili waweze kufika kutibiwa, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Kwa watoto wa mbali hospitali nyingine zingeliiga.

Chanjo na kupima uzito usizifuate mbali kama kijiji kina siku ya mkoba. Wahudumu wanakuja wenyewe. Ulizia tarehe kwa mtendaji, na hela ya boda ibaki kwa siku ya homa.

Nyumbani kwangu, nyuma ya mlango, nimebandika karatasi yenye namba nne: mganga wa zahanati, dereva wa kwanza, dereva wa pili kama wa kwanza hapatikani, na mweka hazina. Juu yake 115. Chini yake umening'inia mfuko wa rambo wenye kadi ya kliniki ya mtoto, pakiti mbili za ORS, chupa safi, kofia ya sufu, kanga moja na tochi. Nyumba kumi na saba za kitongoji chetu sasa zina karatasi hiyo. Wiki hii naanza kitongoji cha juu.